Kichocho, Malaria na Mikakati ya Majeshi

Bayoteknolojia ni kazi ya kuvitumia viumbe hai, au vipande vyao vidogo kama vinasaba na protini, kutengenezea kitu ambacho binadamu anakihitaji: chanjo, dawa, mbegu, kipimo, na wakati mwingine silaha. Jeshi huikimbilia kwa haja mbili kubwa. Ya kwanza ni kumbakisha askari mzima mahali ambapo adui wake wa mwanzo ni mbu, konokono au maji machafu. Ya pili ni kuijua silaha ya vijidudu: kujikinga nayo na, kwa baadhi ya mataifa ya karne iliyopita, kuitengeneza. Haja hizi mbili hutumia vyombo vilevile, wataalamu walewale na mara nyingi friji ileile, na ndiyo maana ni vigumu kuisimamia moja bila kuigusa nyingine.

Kwa mkaazi wa Chake Chake haya yanaweza kuonekana mambo ya Washington, Moscow na Beijing. Kwa upande wa silaha, ni kweli kwa kiasi kikubwa. Lakini dawa ya malaria inayotolewa katika vituo vya afya vya Pemba ilitafutwa kwa amri ya kijeshi, dawa iliyonyunyizwa katika nyumba za wazee wa kisiwa hicho ilipata umaarufu wake vitani, na virusi kadhaa vilivyochunguzwa kama silaha vilijitokeza kwanza Newala na katika Bonde la Ufa la Kenya. Afrika Mashariki imeingia katika hesabu za majeshi kwa mlango wa maradhi, na imeingia mapema.

Mbung'o, kwinini na wapagazi

Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Jenerali Jan Smuts aliliongoza jeshi la Waingereza kuingia koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki akitokea Kenya. Mpango wake ulikuwa kumzunguka adui kwa kasi ya farasi. Farasi hao, pamoja na baghala na ng'ombe wa kukokota magari, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Wanyama walipokwisha, chakula na dawa havikufika mbele, na askari nao wakaanza kuanguka. Kikosi cha Tisa cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilianza Februari na watu 1,135; ilipofika Oktoba, waliokuwa bado wanaweza kazi walikuwa 116. Mzigo ukahamia vichwani mwa wapagazi wa Kiafrika. Kwa upande wa Waingereza pekee, wanahistoria hukadiria kuwa wapagazi wapatao 95,000 walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na homa ya mapafu. Risasi ziliwaua wachache mno ukilinganisha.

Upande wa pili, kamanda wa Wajerumani Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa amefungiwa bahari na manowari za Waingereza, hapati dawa kutoka Ulaya. Alichokuwa nacho ni Amani, kituo cha utafiti wa mimea kilichoanzishwa mwaka 1902 katika milima ya Usambara, ambacho kilikuwa na miti ya mkwinini. Magome yalichemshwa yakatoa maji machungu mno, na askari wakayaita kwa mzaha pombe ya Lettow. Zipo sababu nyingi zilizomwezesha kupigana hadi Novemba 1918, lakini kuwa na kwinini yake mwenyewe ni mojawapo, na ni sababu ambayo vitabu vya vita huipitia haraka kuliko inavyostahili.

Vita vya Pili vya Dunia viliifanya kazi hii kuwa ya kiwanda. Japani ilipoiteka Java mwaka 1942, nchi zilizopigana nayo zilipoteza karibu kwinini yote, kwa kuwa mashamba makubwa ya mkwinini yalikuwa huko. Marekani ilijibu kwa kupima maelfu ya kemikali, na klorokwini, iliyogunduliwa na wakemia wa Ujerumani mwaka 1934 kisha ikawekwa kando, ikaibuka bora kuliko zote. Kwa upande wa wadudu ilitumika DDT. Katika majira ya baridi ya 1943 na 1944 ilizima homa ya chawa katika mji wa Naples, Italia, na baada ya hapo majeshi yakaibeba kila yalikokwenda. Mmoja wa walioitayarisha kwa matumizi ya askari ni Edward Knipling, mtaalamu wa wadudu aliyeongoza maabara ya Orlando, Florida.

Vita vilipokwisha, zana hizo zikageukia raia. Kati ya 1958 na 1968 nyumba za Unguja na Pemba zilinyunyizwa dieldrini, kisha DDT, katika mpango wa kutokomeza malaria uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani. Idadi ya watu wenye vimelea, iliyokuwa imepindukia asilimia 70, iliporomoka hadi chini ya asilimia 10. Mwaka 1968 mpango ulisimamishwa, na katika miaka ya 1970 malaria ikarudi kwa nguvu. Knipling naye alikuwa na wazo jingine: kuwafuga wadudu waharibifu kwa wingi, kuwahasi madume kwa mionzi, na kuwaachia wajamiiane na majike bila kuzaa. Unguja ililitumia wazo hilo dhidi ya mbung'o. Kuanzia 1994 hadi 1997 zaidi ya madume milioni 8 waliofugwa Tanga waliachiwa kutoka angani, na mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Pemba haikuingizwa katika kazi hiyo kwa sababu haina mbung'o.

Dawa iliyotokana na siri

Tarehe 23 Mei 1967 China ilianzisha mradi wa siri uliopewa jina la tarakimu za siku hiyo, yaani 523. Vietnam ya Kaskazini ilikuwa imeomba msaada. Vimelea vya malaria katika misitu yake vilikuwa vimeishinda klorokwini, na vikosi vilipungua kwa homa kabla havijakutana na Wamarekani. Zaidi ya wanasayansi 500 kutoka taasisi zipatazo 60 waliingizwa katika mradi huo, wakati ambapo Mapinduzi ya Utamaduni yalikuwa yamefunga vyuo na kuwapeleka wasomi mashambani. Amri ya jeshi ndiyo iliyowapa nafasi ya kufanya kazi. Tu Youyou wa Beijing, aliyejiunga mwaka 1969, alipekua maandishi ya tiba ya kale ya Kichina, na mwaka 1971 akafanikiwa kukitoa kiini cha mmea wa artemisia kwa kutumia etha, kwani moto ulikuwa ukikiharibu. Kiini hicho ni artemisinini, na mwaka 2015 kilimpatia Tuzo ya Nobel.

Jeshi la Marekani, lililokuwa upande wa pili wa vita hivyohivyo, lilikuwa na mradi wake katika Taasisi ya Utafiti ya Jeshi ya Walter Reed. Lilipima zaidi ya kemikali 200,000, na katika zile chache zilizofaa ikatoka meflokwini. Dawa hiyo baadaye ilipata lawama nyingi kwa kuwavuruga akili baadhi ya askari waliopewa. Ya Wachina ndiyo iliyoenea dunia nzima.

Zanzibar ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo za Afrika kuikubali kwa watu wote. Mwaka 2003 klorokwini iliachwa, na mahala pake ukawekwa mseto wa artesuneti na amodiakwini uliotolewa bila malipo. Vyandarua vyenye dawa na unyunyizaji wa majumbani vilifuata, na maambukizi yakashuka hadi chini ya asilimia 1 katika sehemu kubwa ya visiwa. Hata hivyo, tangu kiini kipatikane Beijing hadi mgonjwa wa Pemba apewe kidonge ilipita miaka zaidi ya 30. Sehemu ya ukawiaji huo ilitokana na bei, na sehemu na shaka za wakubwa wa afya duniani. Lakini sehemu ilitokana na siri ya kijeshi, ambayo ilichelewesha taarifa kuchapishwa nje ya China. Wanaosifu mchango wa majeshi katika tiba mara nyingi huisahau gharama hii.

Hadi hapo kazi ilikuwa ya kemia zaidi. Bayoteknolojia kwa maana yake ya leo iliingia mwaka 2006, pale kundi la Jay Keasling huko California lilipopandikiza jeni za artemisia ndani ya hamira, nayo ikazalisha malighafi ya dawa. Hamira hiyo ni ya jamii ileile inayoumulia mandazi. Kampuni ya Sanofi ilianza uzalishaji wa kiwandani mwaka 2013. Kisayansi ulikuwa ushindi mkubwa, lakini sokoni haukufua dafu: artemisia ya shambani, ikiwemo inayolimwa Kenya na Tanzania, ilibaki rahisi zaidi.

Hamira pia imo katika chanjo ya kwanza ya malaria iliyokubaliwa, RTS,S. Kampuni ya GSK na watafiti wa Walter Reed waliianza katika miaka ya 1980. Kipande cha protini ya kimelea kiliunganishwa na protini ya kirusi cha homa ya ini aina ya B, na hamira ikapewa jeni za kuvizalisha vyote pamoja. Jeshi la Marekani lilikuwa likitafuta sindano ya kumkinga kijana mwenye afya anayepelekwa kwa miezi michache katika nchi ya malaria, na kwake kinga inayovuja haitoshi. Majaribio makubwa ya 2009 hadi 2014 yalihusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, vikiwemo Bagamoyo na Korogwe nchini Tanzania, na Kilifi, Siaya na Kombewa nchini Kenya. Kituo cha Kombewa kinaendeshwa na taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, pamoja na Walter Reed, ambayo ilianza kazi Kenya mwaka 1969 kwa kuchunguza malale. Matokeo yalikuwa kwamba dozi nne hupunguza malaria kwa watoto kwa takriban asilimia 36. Askari hapelekwi vitani kwa kinga ya namna hiyo. Kwa mtoto wa Homa Bay anayeumwa na mbu kila usiku ni neema, na tangu Septemba 2019 chanjo hiyo inatolewa magharibi mwa Kenya. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto wa sehemu za Afrika zenye malaria nyingi Oktoba 2021.

Konokono na mlango wa bahari wa Taiwan

Majira ya baridi ya 1949 kuingia 1950, Jeshi la Ukombozi la China lilikuwa likijiandaa kuivamia Taiwan. Askari wengi wa bara hawakujua kuogelea, wakafundishwa katika mifereji na mito ya mashariki mwa nchi. Maji hayo yalikuwa na konokono wa kichocho. Makumi ya maelfu ya askari waliugua, na maandalizi yakaparaganyika. Juni 1950 vita vya Korea vikaanza, Marekani ikapeleka manowari katika mlango wa bahari wa Taiwan, na nafasi ikapita. Waandishi wengine wamefika hadi kusema kwamba kichocho ndicho kilichoiokoa Taiwan. Madai hayo yametiwa chumvi, maana China ilikuwa na upungufu wa meli na ndege pia, lakini wakuu wa Beijing hawakulisahau somo hilo. Kutokomeza kichocho kukawa kampeni ya taifa.

Utaalamu uliozaliwa katika kampeni hiyo umefika Pemba. Mwaka 2014 China, Shirika la Afya Duniani na Serikali ya Zanzibar walitia saini makubaliano ya kupambana na kichocho, na kuanzia 2017 wataalamu kutoka Taasisi ya Maradhi ya Vimelea ya Jiangsu walifanya kazi Kiuyu, Mtangani na Wingwi: kupima mkojo wa watoto wa skuli, kutoa dawa ya prazikwanteli na kuwasaka konokono mabondeni. Kichocho cha Pemba ni cha aina nyingine, kile cha mkojo, na konokono wake ni tofauti. Mbinu za kuyachora maji na kumfuata konokono zilihamishika.

Kwa upande wa kisiwa, kazi hiyo ina makao ya muda mrefu Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, katika Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri. Maabara ilifunguliwa Juni 2000 kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya ya Zanzibar na mfuko wa Kiitaliano wenye jina la mtaalamu wa vimelea aliyefariki mwaka 1993. Huchunguza kichocho, minyoo, malaria, kipindupindu na homa za mbu, na ni ya kiraia kwa kila hali. Lakini takwimu za maradhi za mahali popote zina msomaji mwingine asiyeonekana. Majeshi makubwa yana idara za ujasusi wa tiba, ambazo kazi yake ni kujua maji gani yana nini, mbu wapi wameishinda dawa ipi, na hospitali ipi ina damu ya akiba. Ya Marekani imo Fort Detrick, Maryland, na sehemu kubwa ya inachokitumia ni machapisho ya wazi. Kuyafunga machapisho hayo kungewaumiza wagonjwa zaidi kuliko majasusi.

Homa inayoangusha bila kuua

Mpangaji wa vita havutiwi na kifo peke yake. Mtu aliyekufa huzikwa. Mgonjwa asiyeweza kusimama huhitaji mtu wa kumbeba, wa kumlisha na wa kumlinda. Ndiyo sababu orodha za mawakala waliochunguzwa kama silaha zina maradhi ambayo huua kwa nadra. Chikungunya ni mfano mzuri. Iligunduliwa katika mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa juu wa Makonde, Newala, na kirusi chake kikatambuliwa katika maabara ya Entebbe. Pwani ya Waswahili iliionja nguvu yake mwaka 2004, ilipoingia Lamu. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionesha kuwa takriban robo tatu ya wakaazi waliambukizwa. Kutoka hapo ilipita Mombasa, ikavuka Ngazija na visiwa vyengine vya Komoro, ikafika Réunion. Waliokufa Lamu walikuwa wachache, lakini mji mzima uliinama kwa maumivu ya viungo. Hali kama hiyo katika kambi ya jeshi ingekwamisha operesheni nzima, na kirusi hicho kimo miongoni mwa vile ambavyo Marekani ilivitafiti kabla ya kuufuta mpango wake wa silaha. Baadaye jeshi hilohilo lilitumia miongo kadhaa kutafuta chanjo yake.

Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa kondoo wa karibu na Naivasha, ilipita njia hiyohiyo: kwanza orodha ya silaha, kisha chanjo ya wanajeshi. Faida yake kijeshi ni kwamba huangamiza mifugo na kuwaangusha watu kwa pamoja.

Habari ya kirusi cha Marburg ni nzito zaidi. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, Yugoslavia, waliambukizwa na tumbili walioletwa kutoka Uganda; watu 31 waliugua na saba wakafa. Umoja wa Kisovieti ulikichukua kirusi hicho katika mpango wake wa siri uliojificha nyuma ya shirika la kiraia liitwalo Biopreparat. Mwaka 1988 mtafiti Nikolai Ustinov alijichoma sindano kwa bahati mbaya katika kituo cha Vector, Siberia, akafa. Kwa maelezo ya Ken Alibek, naibu mkuu wa Biopreparat aliyehamia Marekani mwaka 1992, kirusi kilichotolewa mwilini mwake kilionekana kuwa kikali zaidi, kikachaguliwa kuendelezwa kuwa silaha. Machi 2023 Marburg ilijitokeza yenyewe Kagera, bila ya mkono wa jeshi lolote. Watu tisa waliugua, sita wakafa, na Juni 2 mlipuko ukatangazwa kumalizika. Mwanzoni mwa 2025 ikajitokeza tena Biharamulo.

Mkataba usio na wakaguzi

Marekani ilitangaza kuacha silaha za vijidudu Novemba 1969, na Mkataba wa Silaha za Kibayolojia ukafunguliwa kwa saini Aprili 1972, ukaanza kufanya kazi Machi 1975. Unakataza kutengeneza, kulimbikiza na kumiliki silaha hizo, lakini unaruhusu utafiti wa kinga. Hauna kikosi cha wakaguzi. Umoja wa Kisovieti ulitia saini huku ukipanua viwanda vyake, na mwaka 1979 mavumbi ya kimeta yalivuja kutoka kituo cha jeshi mjini Sverdlovsk yakaua zaidi ya watu 60. Serikali ilisema ni nyama mbovu, ikashikilia maelezo hayo kwa zaidi ya miaka kumi. Afrika Kusini ya kibaguzi iliendesha Project Coast kuanzia 1981, mradi uliojishughulisha zaidi na sumu za kuwaua wapinzani mmoja mmoja. Nchini Rhodesia, Zimbabwe ya leo, mwishoni mwa vita vya ukombozi, kimeta kiliwapata zaidi ya watu 10,000 kati ya 1978 na 1980, karibu wote katika maeneo ya Waafrika. Wapo wanaoamini kilipandwa na jeshi la Rhodesia, na wapo wanaosema kuvunjika kwa huduma za mifugo kunatosha kukieleza. Ubishi huo unaonesha tatizo kubwa la silaha hii: ugonjwa wa kupandwa na ugonjwa wa kawaida hufanana, hasa katika nchi ambazo kimeta kipo siku zote, kama Tanzania bara.

Teknolojia mpya zimeuongeza ugumu. Mwaka 2002 wanasayansi wa New York walitengeneza kirusi cha polio kwa kuunganisha vipande vya vinasaba vilivyoagizwa dukani, na mwaka 2018 kundi la Kanada lilichapisha namna lilivyokiunda upya kirusi cha ndui ya farasi, ndugu wa ndui iliyotokomezwa. Mkasi wa kuhariri jeni uitwao CRISPR, uliotangazwa 2012, umeishusha gharama ya kazi ambazo zamani zilihitaji taasisi nzima. Shirika la utafiti la jeshi la Marekani, DARPA, lilifungua ofisi ya teknolojia ya viumbe mwaka 2014. Mwaka mmoja kabla lilikuwa limeipa kampuni changa ya Moderna hadi dola milioni 25 kwa chanjo za mRNA, ambazo dunia ilikuja kuzijua wakati wa UVIKO-19. Shirika hilohilo lilitoa dola milioni 65 mwaka 2017 kutafiti namna ya kudhibiti na kurudisha nyuma mabadiliko ya jeni, zikiwemo jeni zinazojieneza zenyewe ndani ya kizazi cha mbu. Wakosoaji waliuliza kwa nini fedha za jeshi zinahitajika katika jambo la afya. Swali hilo linaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja, kwani Entebbe na Bagamoyo tayari zina maabara zinazotafiti mbu wa kubadilishwa jeni kwa ajili ya kupambana na malaria, kwa fedha za kiraia.

Faida nayo haipingiki. Chanjo ya Ebola iliyotumika katika mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, kuanzia 2018 ilibuniwa Winnipeg, Kanada, kwa fedha zilizotengwa baada ya hofu ya ugaidi wa vijidudu ya mwaka 2001. Mlipuko huo uliua watu 2,287 katikati ya vita. Askari wa Tanzania walikuwa Beni wakati huo chini ya Umoja wa Mataifa, wakipigana na waasi wa ADF. Zaidi ya raia 300,000 walichanjwa, mara nyingi chini ya ulinzi wa bunduki, na baadhi yao walikataa kwa sababu hiyohiyo ya bunduki.

Hofu yao haikutoka hewani. Mwaka 2011 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilitumia kampeni bandia ya chanjo ya homa ya ini huko Abbottabad, Pakistan, likitarajia kupata vinasaba vya watoto wa Osama bin Laden, mtu ambaye watu wake walilipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam mwaka 1998. Habari ilipotoka, watoa chanjo ya polio nchini Pakistan walianza kuuawa. Mwaka 2014 Ikulu ya Marekani iliahidi kwamba CIA haitatumia tena chanjo kwa ujasusi. Katika yote yaliyofanywa na majeshi na majasusi kwa kutumia sayansi ya viumbe, hili huenda ndilo lililowadhuru zaidi watu wa nchi maskini, na halikuhitaji kijidudu hata kimoja.

Mamlaka mbili, friji moja

Novemba 2010 Seneta Richard Lugar wa Marekani alizuru Uganda, Kenya na Burundi kuangalia namna vijidudu hatari vinavyohifadhiwa. Mpango aliouanzisha na mwenzake Sam Nunn mwaka 1991 wa kulinda silaha za nyuklia za Kisovieti ulikuwa umehamia kwenye maabara za Afrika, na fedha za Wizara ya Ulinzi ya Marekani zikaanza kulipia majengo, makufuli na mafunzo. Kwa mtaalamu wa maabara, fedha hizo ni afueni. Kwa nchi mwenyeji zinaacha maswali ya kawaida ya utawala: sampuli zinakwenda wapi, nani anaweka nakala ya orodha, nani anaruhusu utafiti unaoweza kukifanya kirusi kiwe kikali zaidi.

Tanzania ilitia saini mkataba wa silaha za kibayolojia Agosti 1972, lakini iliuridhia mwaka 2019 tu. Kenya ilikuwa mwanachama tangu 1976. Kwa kuwa mkataba hauna wakaguzi, chombo chake kikuu cha kuaminiana ni fomu ambazo kila mwanachama anatakiwa kuzipeleka Geneva kila mwaka kabla ya Aprili 15, kueleza maabara zake zenye ulinzi wa juu, milipuko isiyo ya kawaida na viwanda vya chanjo. Nchi nyingi hazipeleki. Kwa Zanzibar kuna kifundo cha ziada, kwa sababu ulinzi na mambo ya nje ni ya Muungano ilhali afya si ya Muungano. Mkataba uliridhiwa Dodoma, na fomu zinatakiwa kutumwa kwa jina la Jamhuri ya Muungano. Lakini maabara za Unguja na Pemba, vibali vya utafiti wao na kamati zinazopitia maadili ya utafiti viko chini ya Wizara ya Afya ya Zanzibar. Mlipuko usio wa kawaida ukitokea Pemba, maelezo yake yanapaswa kuvuka kutoka wizara moja hadi nyengine, za serikali mbili, kabla hayajafika Geneva.